Mrejesho: hesabu ya hasara ya mafuriko ya mto

Wadau nilisema ntarudi. Niliuliza hasara ya mafuriko ya mto inakadiriwaje kwa hela, mkaniambia nianze na kina cha maji ndani ya kila nyumba, nimefanya hivyo na imenisaidia mno. Alama ya tope ukutani ndo ilikuwa rula yangu, ikifika usawa wa soketi hasara inaruka ghafla, waya, friji, magodoro vyote vimeenda. Kosa langu kubwa nilikuwa naandika bei ya kitu kipya wakati kilichoharibika kilishachakaa. Halafu ile "mafuriko ya miaka 100" nimeielewa sasa, ni mafuriko makubwa yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea kila mwaka, kwa miaka 30 uwezekano wa kuyapata angalau mara moja unafika kama asilimia 26! Asanteni sana, nimebakiza siku za kazi walizopoteza watu wakizoa tope, nazo naziingiza.