Filamu ya mzimu "isiyotisha sana": watoto waione au wakatazwe?

Mleta mada:

Wakuu, kila shule zikifungwa swali hili hurudi majumbani. Mtoto wa miaka tisa anaomba kuangalia filamu ya mzimu. Si ya damu na visu, ni zile za nyumba kuukuu, ngazi zinazolia usiku na mlango unaojifungua wenyewe. Wapo wazazi wanaosema "ni katuni tu, mwache", na wapo wasiotaka hata kulisikia ombi lenyewe.

Msimamo wangu nautoa mapema: kuanzia miaka minane hivi, aone, ila mzazi awe ameketi naye.

Mtoto wa umri huo anaogopa giza tangu zamani, hakufundishwa na filamu. Kinachonivutia kwenye filamu nzuri za aina hii ni kwamba hofu inapewa sababu, kisha inapewa mwisho. Chukulieni *ParaNorman* ya mwaka 2012. Mzimu unaoutikisa mji mzima unakuja kugundulika kuwa ni wa msichana mdogo aliyeuawa kwa kuhukumiwa kuwa mchawi. Mvulana ambaye ndiye shujaa wa filamu hamshindi kwa silaha, anamfuata pale alipo, anaongea naye na kumkumbusha kuwa alikuwa mtoto aliyependwa. Mtoto anayeona hivyo anajifunza kuuliza "huyu ana uchungu gani?" kabla ya kukimbia. Hilo halipatikani kwenye filamu ambayo kila mtu anacheka mwanzo hadi mwisho.

Tahadhari moja kubwa: msiamini alama ya PG (ile ya "mwongozo wa mzazi") kwa macho yaliyofumbwa. Uingereza, alama hiyo ina maana kwamba filamu haitarajiwi kumvuruga mtoto wa miaka minane au zaidi. Marekani nako, daraja la PG-13, linaloonya kwamba huenda filamu haiwafai walio chini ya miaka 13, lilianza mwaka 1984 tu. Kabla ya hapo filamu kali ziliangukia PG, na *Poltergeist* ya 1982 ni mojawapo. Ina sehemu ambapo mtu anajiona kwenye kioo akijinyofoa nyama za uso. Kwa hiyo angalieni na mwaka, msiishie kwenye herufi.

Karibuni, mwenye hoja tofauti aje nayo.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, mimi napinga, tena kwa uchungu. Binti yangu alionyeshwa filamu iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya familia. Mzimu hakuuogopa hata kidogo. Kilichomvunja ni pale mama wa kwenye filamu, mwenye sauti ya upole, alipogeuka sura. Kwa muda mrefu baada ya hapo nikimwamsha usiku alikuwa ananishika mashavu kwanza, ananikagua, ndipo anyanyuke. Nani ananilipa usingizi wa mwanangu? Hicho kipimo cha "isiyotisha sana" kinapimwa na mtu mzima, wakati anayetishika ni mtoto.

Mchangiaji wa pili:

Kwangu woga si tatizo. Tatizo ni imani. Namfundisha mtoto kwamba aliyekufa harudi kutembea sebuleni, halafu namwekea filamu ambayo marehemu ndiye rafiki mkubwa wa shujaa? Hapo ninajenga kwa mkono huu na kubomoa kwa mwingine. Sidai filamu zifungiwe. Nyumbani kwangu haziingii.

Mleta mada:

Dada uliyetangulia, pole sana na binti. Ulichokiona kinajulikana kwa watafiti. Profesa Joanne Cantor wa Marekani alitumia miaka mingi kuchunguza hofu za watoto mbele ya skrini. Yeye na wenzake walikuta kwamba watoto wadogo hutishwa zaidi na sura na mabadiliko ya ghafla, hata mhusika akiwa mwema. Kwenye kipindi cha televisheni cha *The Incredible Hulk*, wadogo waliogopa mtu anapogeuka jitu, ingawa jitu hilo ndilo linalookoa watu. Alikuta pia kwamba maneno "haya ni maigizo tu" yanawasaidia wa miaka tisa hadi kumi na moja, lakini wa miaka mitatu hadi mitano hayawafai kitu. Ndiyo maana nikaweka mstari kwenye miaka minane. Na mzazi aitazame peke yake kwanza: kama kuna mtu wa kuaminika anayegeuka sura, aiweke pembeni, alama isome itakavyosoma.

Ndugu wa imani, sikupingi. Mafundisho ya nyumbani kwako ni yako.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, Cantor huyo huyo ana upande mwingine. Yeye na Kristen Harrison walichapisha utafiti mwaka 1999: katika wanafunzi wa chuo zaidi ya 150, kama asilimia 90 walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha utotoni au ujanani, na karibu robo yao walikuwa bado na mabaki ya hofu hiyo. Hao ni watu wazima! Kweli, wengi walitishwa na filamu ambazo si za watoto, lakini tusiichukulie hofu kama mafua.

Ninaruhusu, kwa masharti. Iwe mchana, taa iwake, na sauti ipunguzwe, maana nusu ya kitisho iko kwenye muziki: ukizima sauti, ule mlango unabaki mlango. Rimoti ashike mtoto mwenyewe, akisema basi, iwe basi, na asichekwe.

Ila nyote mmemruka mdogo wake. Yule wa tisa akiangalia, wa minne anachungulia nyuma ya kochi, na masharti yetu yote hayamhusu. Kwangu, mdogo asipokuwa na mtu wa kukaa naye chumba kingine, filamu haiwashwi siku hiyo, hata mkubwa anune. Wenzangu mnafanyaje?