DJ kampa Art sauti! Terrifier 2 imeharibiwa, nataka hamsini yangu

Ndugu zangu, nimetoka kwenye kibanda cha video sasa hivi, hapa hapa Malindi, na roho inaniuma. Nimelipa shilingi hamsini kuiona Terrifier 2, muvi ya kutisha ya Art, yule klauni muuaji.

Wanaoijua wanajua: Art hasemi. Tangu ile ya kwanza ya 2016 hajatamka neno. Anaua, kisha anacheka kwa mabega, mdomo wazi, sauti haitoki. David Howard Thornton anaigiza kwa nyusi, shingo na vidole tu, na hofu yote imo humo. Sasa nakala waliyotuwekea ina DJ anayetafsiri, na DJ huyo kampa Art sauti! Pale dukani Art anapojaribisha miwani ya kuchezea, Sienna, msichana anayewindwa na Art, hajui aangalie wapi, DJ anamtongoza yule msichana kwa niaba ya Art. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Sehemu ile inatakiwa ikukaushe mate!

Sikatai kutafsiriwa. Sienna akigombana na mamake, tafsiri, mzee niliyeketi naye apate kufuata. Lakini pasipo na maneno unatafsiri nini?

Mimi nachonga milango. Kazi ya mkono nikiiona naijua. Damien Leone kaandika, kaongoza na kuhariri mwenyewe, na majeraha yale kayatengeneza kwa mikono, kwa bajeti ya dola 250,000 hivi, pesa ambayo Hollywood si kitu. Kule chumbani kwa Allie, rafiki wa Sienna, Art anaporudi na chumvi, nilifumba macho, nikafumbua, ngozi bado inaonekana ngozi. Na Lauren LaVera anamfanya Sienna mtu unayemwombea apone. Katika ile ya kwanza sikumwombea yeyote.

Ila zimo, sifichi. Dakika 138 kwa muvi ya kuchinjana ni nyingi mno, ile ya kwanza haikufika hata 90. Ndoto ya Sienna ya mkahawa inavutwa mpaka inachosha. Upanga alioachiwa Sienna na babake una nguvu gani, na kwa nini? Hatuambiwi. Yule mtoto wa kike anayeandamana na Art naye hivyo hivyo. Nusu saa nzima ingeondoka na nisingelalamika.

Lakini akate Leone, si mwenye kibanda! Sienna kachomwa upanga, kaanguka, watu kimya, hata DJ kanyamaza kwa mara ya kwanza, mwenye kibanda akatazama saa, akashika rimoti, akarusha mbele. Eti mpira unaanza. Tukaangukia majina ya waigizaji yanapanda. Wenye jezi wanaingia, sisi tunaambiwa tupishe.

Na watoto wa shule ya msingi walikuwa mkekani mbele kabisa, hakuna aliyewauliza umri.

Kesho baada ya Magharibi narudi pale. Aniwekee nakala isiyo na DJ, mwanzo hadi mwisho, au anirudishie hamsini yangu. Mliokuwepo, twendeni pamoja.