Majirani wa Doldol: mbuzi wa Koko

Koko Nolari, 6:12
[picha]
Hamjamboni wanangu. Mtazameni huyu mbuzi. Tangu juzi hali, mdomo umevimba, ulimi ni vidonda vitupu. Nimekuta vile vimiba vya dungusi vidogo kama nywele, huvioni mpaka vikuchome. Ni wa tatu mwezi huu.

Mama Sein, 6:20
Pole sana Koko. Usivitoe kwa vidole, vitahamia kwako. Mtenge na wenzake, mpe uji na majani laini, na daktari wa mifugo amwone leo. Mwaka jana mmoja wangu miba ilimwingia hadi tumboni, nikampoteza.

Lemayian, 6:31
Pole Koko. Jumamosi nakuja na vijana wanne. Tunafyeka lile bonde lote kwa panga mpaka mtoni.

Baba Tipape, 6:33
Lemayian mwanangu, panga hapana. Mimi nilifyeka. Mwaka juzi, karibu na mvua za Novemba, nililipa watu siku tatu nikaona nimemaliza kazi. Kila kipande kilicholala chini kilishika mizizi. Pale palipokuwa na kichaka kimoja sasa ng'ombe hapiti. Nikipita hapo roho inaniuma, maana ile mbegu niliipanda mwenyewe na nikailipia.

Lemayian, 6:35
Pole Baba, sikujua. Basi tuchome?

Mama Sein, 6:41
Dungusi ni maji matupu. Moto utamaliza nyasi kwanza, yenyewe ibabuke juu, kisha ichipue. Na ukichoma upande wa Baba Tipape utaniulia wadudu niliowaweka kule.

Koko Nolari, 6:44
Wadudu gani tena Mama Sein? Wasije wakaingia kwenye mahindi yangu.

Mama Sein, 6:58
Hawaingii, Koko. Chakula chao ni dungusi peke yake. Mahindi, nyasi, migunga, hawagusi. Ni wale unaowaona kama pamba nyeupe juu ya jani. Ukimponda mmoja anatoa rangi nyekundu kama damu. Jike hana mabawa, anakaa palepale akifyonza maji mpaka jani linageuka njano na kuanguka. Watoto wake ndio wanaopeperushwa na upepo kwenda kichaka kingine. Waliletwa huku Laikipia mwaka 2014 kwa ajili ya hii dungusi fupi ya maua ya njano na matunda ya zambarau. Tunawafuga kwenye kibanda cha neti, tunakata majani yaliyojaa wadudu, tunayapachika katikati ya kichaka kizima. Ni hivyo tu. Ila si wakati wa mvua kubwa, maana huwaosha wote chini.

Koko Nolari, 7:05
Na ile ndefu kama mti? Nikiwa mtoto ndiyo tuliyoijua, ile ya ua wa Wazungu pale ofisini. Hii fupi imetujia baadaye.

Mama Sein, 7:07
Umesema jambo la maana. Ile ndefu hawa wadudu hawaiwezi. Ile ni ya kung'oa.

Lemayian, 7:10
Wadudu watachukua muda gani? Mbuzi wanaumia leo.

Mama Sein, 7:16
Kwangu vichaka vilianza kulala kiangazi cha pili. Si haraka, sikudanganyi.

Naserian (Nanyuki), 7:22
Lemayian, huko Australia dungusi ya jamii hii hii ilifunika hekta kama milioni 24, watu wakahama mashamba. Mwaka 1926 wakaachilia nondo kutoka Argentina ambaye viwavi wake hula jani kutoka ndani. Miaka michache tu, sehemu kubwa ikaanguka. Mdudu si huyu wetu, lakini ni kazi ileile, na hakuna panga lingeifanya.

Baba Tipape, 7:30
Mimi naona hivi. Vichaka vikubwa tuwaachie wadudu. Ile michanga inayoanza kutokea kwenye olopololi, malisho tuliyowatengea ndama, tung'oe Jumamosi kwa sururu, na mizizi yake. Tusiache hata jani moja chini. Tuzike kwenye shimo la kufika kifuani.

Mama Sein, 7:33
Na matunda tuyatoe kwanza kabla hayajaiva. Ndovu na nyani wakishayala, mbegu zinatua kila wanapokunya. Pakishakuwa wazi tupapumzishe, nyasi zirudi. Ardhi tupu ndiyo dungusi inayoitafuta.

Lemayian, 7:36
Sawa. Saa moja asubuhi nipo. Watoto wasije bila viatu vya kufunika, ndala hapana. Glavu za ngozi ninazo jozi mbili tu.

Baba Tipape, 7:37
Nina jozi moja na sururu mbili. Wengine watumie vijiti vya panda kushikia.

Koko Nolari, 7:52
Chai na mandazi ni kwangu. Mbuzi amelamba uji kidogo. Daktari yuko njiani.

Mama Sein, 7:55
Nitaleta majani yenye wadudu ya kupachika kule bondeni. Mwenye katoni anitumie leo jioni. Gunia la plastiki sitaki, watakufa kwa joto kabla hatujafika.

Naserian (Nanyuki), 7:58
Dukani zimebaki katoni tano za sabuni. Nazipakia kwenye matatu ya saa nane.