Menyu ya app inawachanganya watu kwenye simu ndogo, nifanyeje?

mjenzi_app:
Wakuu habari zenu. Natengeneza app ya kuweka kumbukumbu za mauzo, menyu ina vitu 11 na vyote nimeviweka kwenye ile aikoni ya mistari mitatu juu kushoto. Kwenye simu yangu inakaa vizuri ila juzi nimempa dada yangu ajaribu, skrini yake ya inchi 4 na nusu hivi, kahangaika weee kutafuta pa kuingiza mauzo, halafu akigusa "Hariri" inashikika "Futa" iliyo chini yake, mauzo ya siku nzima yakapotea. Roho imeniuma kwa kweli. Nipunguze saizi ya maandishi au?

gumba_moja:
Usipunguze mkuu, utaharibu zaidi. Kitu kinachomfanya mtu afungue app ndo umekificha. Kuingiza mauzo kutoe humo kiweke chini ya skrini, ambako kidole gumba kinafika mtu akishika simu kwa mkono mmoja. Chini weka vitatu mpaka vitano basi, vingine vibaki kwenye mistari mitatu. Na hilo la Futa ni eneo la kugusa kuwa dogo, Google wanashauri dp 48 (dp ni kipimo cha vitu kwenye skrini za Android) kila upande, kama milimita 9 hivi, Apple wao pointi 44, pointi ndo kipimo chao. Aikoni yenyewe inaweza kubaki dp 24 ila izungushie nafasi igusike. Na Futa isikae jirani na Hariri jamani! Ihamishe, na mtu akifuta mpe nafasi ya kurudisha.

neno_fupi:
Naongezea la maneno maana hapa wengi tunakosea. Ukitafsiri menyu neno kwa neno unapata "Mipangilio ya akaunti yangu", simu ndogo inaonyesha "Mipangilio ya ak..." mtu anabaki anakisia. Andika "Akaunti", inatosha. "Ingiza mauzo mapya" iwe "Uza". Ila usije ukaacha aikoni peke yake bila neno, kile kigurudumu chenye meno si kila mtu anajua ni mipangilio. Halafu ingia kwenye setingi za simu, kuza maandishi mpaka mwisho ndo ufungue app yako, wenye macho hafifu ndo wanavyoiona kila siku.

mjenzi_app:
Asanteni sana wakuu. Chini nimebakiza vinne, Uza, Bidhaa, Madeni, Ripoti. Futa nimeiingiza ndani kabisa ya ukurasa wa kila mauzo. Nimekuza maandishi, "Madeni" ikakatika herufi ya mwisho, nimepunguza nafasi za pembeni imekaa. Kesho nampa dada tena, safari hii simwelekezi, nakaa kimya namwangalia kidole tu.