Naomba ushauri: kodi ya ardhi na makadirio ya bajeti ya mji wetu

Ndugu zangu, naishi katika mji mdogo nchini Kenya, ambako kaunti imependekeza kuthamini upya viwanja na kutoza kodi ya ardhi kwa bei ya sasa. Wakaazi tumegawanyika: wenye maduka wanasema bila fedha hizo taka hazitazolewa, ilhali wastaafu, ambao viwanja vyao vimepanda bei lakini pensheni imebaki pale pale, wanahofia kushindwa kulipa. (Wapangaji wako kimya, ingawa naamini mzigo utawafikia kupitia kodi ya nyumba.)

Kifungu cha 209 cha Katiba kinairuhusu kaunti kutoza kodi hii, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Hata hivyo, makadirio tuliyosomewa kikaoni yalikuwa jumla tupu, bila mchanganuo wa miradi, hivyo hatuwezi kujua kama ile asilimia 30 ya bajeti kwa ajili ya maendeleo inayotakiwa na sheria ya fedha za umma ya 2012 itatufikia.

Je, tuwasilishe memoranda (maoni ya maandishi) moja kwa kamati ya bajeti ya bunge la kaunti, au kila kundi liandike yake? Na tuombe nafuu kwa wastaafu, ama ongezeko la awamu kwa awamu kwa wote?