MREJESHO: Mawe yanayoporomoka nyuma ya nyumba, Katonga Kigoma

Wakuu, habari za siku. Niliuliza humu kuhusu mteremko mkali ulio nyuma ya nyumba ya wageni ya familia hapa Katonga. Mawe yanashuka mvua ikikolea, na fundi alitaka kutufungia wavu wa fensi. Ahsanteni sana mliojibu, hasa mkuu wa mgodini.

Wavu wa fensi tuliuacha. Kama alivyoeleza, waya wa kawaida unahimili mvuto wa niutoni (kipimo cha nguvu) 350 hadi 550 kwa milimita ya mraba kabla ya kukatika, ule wa chuma kigumu unafika 1,770. Wavu wa huo wa chuma kigumu ndio tuliouagiza Dar. Bei tusiongelee.

Vijana walijifunga kamba wakaanza juu kushuka chini, wakiangusha yaliyolegea kwa mitaimbo. Ndipo mwamba ukatobolewa, nondo zikazamishwa na kumiminiwa uji wa saruji. Kila nondo ina bamba na nati kichwani. Nati ikikazwa unaona kabisa wavu unavyobana na kuingia kwenye mikunjo ya mwamba.

Juu, penye mwamba, kumetulia msimu mzima wa mvua. Chini kwenye udongo mwekundu bado: baadhi ya nondo zimelegea, kokoto zinapenya matundu. Fundi anasema zichimbiwe upya hadi zikute mwamba, ila mfuko umekauka. Tumepanda vetiva kwanza, zile nyasi za mizizi mirefu inayoshika udongo.

Dada uliyesema tuchimbe mtaro juu kugeuza maji, ubarikiwe. Ndio uliogharimu kidogo, na matope yamepungua sana. Nondo zikirudiwa nitaleta picha.