Mguu kuvimba au kupoa baada ya korona: nitajuaje kama ni damu iliyoganda?

ZamuYaUsiku:
Wakuu, habari za leo. Naomba wanaojua mishipa ya damu wanisaidie. Kwamba korona inagandisha damu tunajua, ila wengi wakisikia hivyo wanawaza mapafu tu. Mimi nauliza kuhusu mikono na miguu.

Chukulia wagonjwa wawili. Wa kwanza karuhusiwa kwenda nyumbani, homa imekwisha, kikohozi kimekwisha, halafu siku ya 12 shavu la mguu wa kushoto linaanza kuuma na kujaa. Wa pili bado yuko kitandani kwenye oksijeni, ghafla anasema vidole vya mguu vimekufa ganzi. Hawa wana tatizo moja? Naanza na kipimo gani? Na D-dima (kipimo cha damu cha kutafuta dalili za donge) ina maana yoyote kwa mtu ambaye tayari ana korona? Mwisho, hatari hii inakwisha lini?

VenaNaVali:
Hapana ndugu, hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya yule wa pili anaweza kupoteza mguu.

Vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ukiziba, damu inaingia mguuni na kukosa pa kutokea. Mguu unavimba, unapata joto, ngozi inavutika mpaka inang'aa. Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ikiziba, damu haiingii kabisa: mguu unapoa na kupauka, na mwanzoni hauvimbi. Wa vena aonwe leo leo. Wa ateri aonwe saa hii.

Huyo wa siku ya 12 ana dalili za vena. Usikadirie kwa macho, pima. Mlaze chali, papasa kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, tia alama ya kalamu, zungusha utepe hapo. Rudia mguu wa pili kwenye alama ileile. Tofauti ikizidi sentimita 3, ichukulie kwa uzito. Kisha bonyeza kidole juu ya ugoko, hesabu mpaka kumi, uachie. Shimo likibaki kwenye mguu unaouma tu, shaka inaongezeka. Kwenye alama za Wells, yaani orodha ya pointi za kukadiria uwezekano wa donge la damu, kila kimoja kati ya hivi kina pointi 1: tofauti hiyo ya shavu la mguu, shimo la kidole, maumivu kwenye njia ya vena, mguu mzima kuvimba, kulala kitandani siku 3 au zaidi, saratani, kuwahi kuganda damu kabla. Kukiwa na sababu nyingine inayoelekea kueleza uvimbe huo sawasawa na donge, unatoa 2. Akifika 2 au zaidi, mpeleke ultrasaundi moja kwa moja bila kusubiri D-dima.

Kwenye D-dima ndiko wengi wanakopotea. Ni vipande vinavyobaki mwili unapovunja nyuzi za donge, na korona peke yake inaipandisha hata miguu ikiwa salama. Kwa hiyo namba kubwa haithibitishi chochote. Faida yake ni ikiwa ndogo, chini ya 500 ng/ml (kwa aliyezidi miaka 50, umri mara 10), na dalili nazo ni hafifu: hapo inakusaidia kuliondoa donge kwenye orodha. Uliza pia maabara yako inatumia vizio gani, maana ziko mashine ambazo kwa damu ileile hutoa namba kama nusu ya nyingine. Watu wameruhusiwa kimakosa kwa sababu hiyo tu.

Ultrasaundi yenyewe si ya kutisha. Anzia kinenani, weka kifaa juu ya vena na ukandamize. Vena isiyo na donge inafumba kabisa, kuta zake zinagusana, huku ateri iliyo jirani ikiendelea kudunda. Yenye donge haifumbi. Shuka sentimita moja au mbili, kandamiza tena, mpaka nyuma ya goti. Ukikuta safi na bado moyo wako hautulii, rudia baada ya wiki 1, kwa sababu donge dogo la shavu la mguu huweza kupanda. Mkono usisahaulike, hasa mkono uliowekewa mpira mrefu wa dawa.

Kwa nini korona? Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19, alihusishwa na sababu tatu tunazozitaja hadi leo: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Mgonjwa wa korona anazo zote kwa mpigo. Amelala siku nyingi, ukuta wa ndani wa mishipa umevimba, na ini linamwaga fibrinojeni, protini inayogandisha damu, nyingi kuliko kawaida.

AteriKwanza:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ngoja nizungumzie yule wa pili, kwa sababu ndiye anayecheleweshwa zaidi.

Ganzi ya ghafla kwa mgonjwa wa korona ni dharura mpaka uthibitishe vinginevyo. Vua soksi, ondoa shuka, weka miguu yote miwili pamoja. Gusa kwa mgongo wa kiganja kuanzia paja kushuka: mara nyingi utakutana na mpaka ambapo joto linakatika. Kwenye ngozi nyeusi kupauka kunajificha, kwa hiyo angalia unyayo na kucha. Tafuta mapigo upande wa juu wa mguu (mgongo wa unyayo), kati ya kidole gumba na cha pili, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, kisha nyuma ya goti, kisha kinenani. Usipoyapata kwa vidole tumia Doppler ya mkononi, kile kifaa kinachosikilizisha damu ikipita, na hakikisha unachosikia si mapigo yako mwenyewe.

Baada ya hapo mwambie akunje na kukunjua vidole. Ganzi ya vidole peke yake bado inakupa nafasi. Ganzi ikipanda na misuli ikaanza kulegea, mguu uko hatarini na unahitaji kufunguliwa njia mara moja, hata kabla ya picha za kupendeza. Misuli ikikakamaa, hisia zote zimekwisha, na Doppler haisikii ateri wala vena, mguu umeshakufa. Kuufungulia damu wakati huo kunamwaga potasiamu na sumu za misuli mwilini, moyo unasimama na figo zinaziba. Muda wa kuuokoa mguu kwa kawaida ni saa 6. Saa hizo zinahesabiwa tangu maumivu yaanze, si tangu daktari aitwe. Andika saa hiyo kwenye faili.

Akingoja upasuaji, heparini ya mshipani, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaanza mara moja kama hakuna kinachoizuia: kwa kawaida uniti 80 kwa kilo kwa mkupuo, kisha uniti 18 kwa kilo kila saa. Mguu ulale sawa na mwili au ushuke kidogo. Kuuinua ni kosa linalofanywa kwa nia njema: wa vena unainuliwa, wa ateri hauinuliwi. Usiukande, usiuwekee maji ya moto, maana ngozi isiyo na damu inaungua bila mwenyewe kuhisi.

Donge hutolewa kwa mpira wenye puto nchani, ule wa Fogarty: unapitishwa hadi ng'ambo ya donge, puto linajazwa, unavutwa taratibu. Kwenye korona mara nyingi ateri ilikuwa nzima kabisa kabla, na inaweza kuziba tena baada ya kusafishwa, kwa hiyo heparini isikatwe mapema. Damu ikirudi, shika shavu la mguu kila saa. Likiwa gumu kama ubao, na maumivu yanazidi ukivuta vidole juu, presha ya ndani imepanda na ganda la misuli lazima lipasuliwe.

DawaKwaKipimo:
Kwanza neno moja. Watu huziita dawa za kuyeyusha damu, na mgonjwa anaelewa kwamba donge litayeyuka kesho, uvimbe usipokwisha anaacha. Hizi zinazuia donge lisikue na lisizaliwe jingine. Kulivunja ni kazi ya mwili wenyewe, nayo huchukua wiki mpaka miezi.

Kwa donge la vena, dozi za mtu mzima mwenye figo nzuri: apiksabani mg 10 mara mbili kwa siku kwa siku 7, kisha mg 5 mara mbili. Au rivaroksabani mg 15 mara mbili kwa siku 21, kisha mg 20 mara moja, na hizi za 15 na 20 ni lazima zimezwe pamoja na chakula, la sivyo sehemu kubwa haifyonzwi. Muda ni angalau miezi 3. Warfarini bado inafaa, ila inaanza pamoja na sindano ya heparini kwa angalau siku 5 mpaka INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) ifike 2, kisha ibaki kati ya 2 na 3.

Mitego ni miwili. Paxlovid, dawa ya vidonge ya korona, ina ritonaviri, inayopandisha rivaroksabani na apiksabani damuni mpaka mgonjwa anavuja damu. Siku hizo sindano ya eneksaparini, aina ya heparini, ni salama zaidi. Na kwenye korona kali heparini inaweza kuonekana haifanyi kazi kwa kipimo cha aPTT, kinachopima muda wa damu kuganda, kwa sababu fakta VIII na fibrinojeni, protini za kugandisha damu, zimejaa. Kabla ya kuongeza dozi ovyo, omba kipimo cha anti-Xa, kinachopima nguvu ya heparini yenyewe. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kugandisha, nazo zihesabiwe: zikishuka kwa nusu kati ya siku ya 5 na ya 10, heparini isimame.

Kuhusu muda wa hatari: utafiti wa Sweden uliotoka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya milioni 1, ulikuta hatari ya donge la mguuni iko juu hadi miezi 3, na la mapafuni hadi miezi 6. Kwa hiyo aliyevimba mguu wiki ya 8 bado uulize kama aliugua.

ZamuYaUsiku:
Asanteni sana wakuu. Basi kila anayeruhusiwa apewe aspirini?

DawaKwaKipimo:
Hapana. Jaribio la RECOVERY la Uingereza liliwapa wagonjwa wa wodini mg 150 kwa siku na vifo havikupungua, huku kuvuja damu kukiongezeka kidogo. Anayeruhusiwa akiwa na hatari kubwa, mfano aliyewahi kuganda damu, ndiye daktari anayeweza kumfikiria rivaroksabani mg 10 kwa siku 35. Wengine watembee, wanywe maji, na waondoke na karatasi yenye mambo manne ya kuwarudisha hospitali mchana au usiku: mguu mmoja kuvimba, kiungo kupoa au kufa ganzi, kifua kubana, kukohoa damu.